Pambazo Lilivyoingia Kiswahilini

Mzee wa Unguja ndiye aliyetoa hukumu kwamba pambazo ni Kiswahili. Alikuwa ameketi kwenye kitanda cha dada wa Tanga, maana chumbani mle viti vilikuwa viwili na walaji tulikuwa saba. Akamega mkate, akatafuna, akafumba macho kidogo kama mtu anayetafuta kituo cha redio cha mbali, kisha akasema, "Hili neno letu. La kale."

"Mzee, limetoka kwa Mmeksiko," nikamwambia.

"Na Mmeksiko kalipata wapi? Nyinyi watu wa bara Kiswahili mmekikuta sokoni mkakinunua kwa kilo. Hebu niambie, kinachofagia ni nini?"

"Fagio."

"Kinachopamba?"

"Pambo."

"Na kinachopambazua?"

Hoja ilikuwa imefungwa kila upande kama furushi la bandarini.

"Pambazo," akajijibu mwenyewe, akachukua la pili. "Bibi yangu alilitumia. Vijana mmelitupa, Wameksiko wameliokota."

Dada wa Tanga alikuwa amesimama kwenye jiko la gesi, mgongo kwetu, lakini niliona bega lake likicheka. Alikuwa na sababu ya kulitaka neno lile liwe la kwetu, na sababu hiyo tuliijua sote.

Alikuja Guangzhou na mumewe, miaka ile ya mwisho ya tisini ambapo Waafrika wa mtaa wa Dengfeng tulikuwa bado wachache, tukisalimiana kila tunapopishana hata kama hatupendani. Mume alirudi Dar na kontena, akamwachia mke kazi ya kufuatilia mzigo uliobaki. Mzigo ulikwisha, tiketi haikuja. Mwisho dada akaenda kwenye kibanda cha simu akampigia, na talaka akaipata humohumo kibandani. Alipiga yeye, akalipa yeye, akaachwa yeye. Kurudi Tanga maana yake ilikuwa kurudi nyumbani kwa kaka zake, ambao siku anaondoka walimwambia kuwa mwanamke anayekwenda China harudi kama alivyokwenda. Hakutaka kuwapa furaha hiyo. Akaanza kutupikia sisi wafanyabiashara, chumbani mwake, ghorofa ya tano.

Mwenye nyumba alikuwa mama mmoja wa Kichina ambaye sote tulimwita laoban, yaani bosi, kama tulivyomwita kila mwenye kitu cha kuuza. Hakuwa na ugomvi na dada. Ugomvi wake ulikuwa na vitunguu, mtungi wa gesi, na miguu yetu ngazini. Akampa mambo mawili achague: aache kupika, au apange chumba cha chini kilichoelekea barabarani, ambacho fundi cherehani alikuwa anakihama. Angemshikia mlango ule hadi mwisho wa mwezi. Kodi alitaka ya miezi mitatu, mbele, mkononi.

Dada hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni sisi. Kama kumi kati yetu wangelipia chakula cha mwezi mzima kabla ya kula, mlango ungekuwa wake. Hesabu ilikuwa rahisi, nami niliirudia mara mbili kwa niaba yake, kwa sababu hesabu rahisi ndizo zinazoua watu.

Ugumu ulikuwa mmoja. Mfanyabiashara halipii wali kabla haujaiva. Wali anaujua. Ungemwambia lete hela ya mwezi kwa ajili ya maharage, angekuuliza kama maharage hayo yana dhamana. Palihitajika kitu cha kumfanya mtu asahau kwamba ananunua chakula.

Kitu hicho nilikileta mimi, bila kujua, kutoka Guangyuan Xilu. Ndiyo barabara ya majumba ya nguo za jumla, kule karibu na stesheni ya treni, ambako ukisimama kufikiri utagongwa na mtu mwenye furushi. Nilikuwa nikinunua jinzi za watoto. Muuzaji alikataa kushusha bei mpaka nichukue idadi fulani, nami idadi hiyo sikuwa na mtaji wake. Pembeni alisimama Mmeksiko mnene mwenye masharubu yaliyonyolewa vibaya, naye amekwama palepale. Tukatazamana. Akaandika idadi yake kwenye kikokotoo, mimi nikaongeza yangu, tukamgeuzia muuzaji kioo. Bei ikashuka. Kugawana ndiko kulikotuchelewesha: watoto wa Mexico walikuwa wapana, wa kwetu warefu, na muuzaji alitaka kutupa wote saizi ya mtoto mmoja wa Kichina. Nilipomaliza kuhesabu mafurushi, Mmeksiko alihesabu nyuma yangu. Nikajua ni mtu wa kuaminika, nikampeleka kwa dada kula.

Alikula wali wa nazi kwa adabu. Kisha akauliza, kwa Kiingereza chetu kile cha sokoni, kama angeruhusiwa kushika jiko. Dada akaniangalia.

"Kaka, huyu ameshiba au hajashiba?"

"Anataka kupika."

"Mwanamume mgeni apike kwangu? Haya, mwache. Akiunguza sufuria ataiacha hela yake."

Mmeksiko akatoa begini pilipili kavu, nyekundu zilizoiva hadi weusi, zimeviringishwa ndani ya fulana. Akaziloweka, akazisaga na kitunguu saumu. Akachukua maboflo madogo ambayo dada alikuwa ameyaoka asubuhi, akayachovya kwenye rojo lile mpaka yakawa na rangi ya vigae vya paa, akayakaanga, akayapasua, akayajaza viazi vilivyopondwa na soseji. Soseji zilikuwa za ng'ombe, kutoka kwa mchinjaji Mwislamu wa Kichina aliyetuuzia sote nyama. Juu akaweka kabichi. Rojo likatuchuruzika hadi viwikoni.

"Linaitwaje?" dada akauliza.

Nikamtafsiria. Mmeksiko akajibu, "Pambazo."

Mwiko wake ukasimama. "Mwambie arudie."

"Pambazo."

"Kumbe hata Mexico kunakucha," akasema dada.

Baada ya siku chache alikuwa analipika vizuri kuliko mwenyewe, na pilipili za Mexico zilipokwisha akapata za Kichina zilizokaribiana nazo. Mmeksiko alikuwa ameshakwenda Shiling, mji wa mikoba, kule Huadu, kukaa na viwanda mpaka mzigo wake ukamilike. Ndipo mzee wa Unguja akatoa ile hukumu yake kitandani, na biashara ikabadilika. Mkate uleule ungeitwa andazi la viazi, tungeula na kuondoka. Ukiitwa kwa neno la mababu, lililopotea baharini likarudi kupitia Mexico, basi mtu anakula na kujisikia ameokoa kitu. Watu waliwaleta wenzao. Mkenya mmoja aliyekuwa akinunua redio alisema hata kwao Lamu neno hilo lipo, na mzee akamtazama kwa upendo, ingawa Mkenya yule alizaliwa Nakuru.

Mzee alikuwa wa kwanza kuahidi. Akasema mbele ya watu, "Mwanangu, ninalipa mwezi mzima. Si kwa ajili ya tumbo. Kwa ajili ya lugha." Baada ya kauli hiyo nani angelipia tumbo tu? Ahadi zikafika tisa, na ya kumi ilikuwa njiani kutoka Bangkok.

Laoban alipoona hivyo akaita mchora mabango. Dada alitaka PAMBAZO kwa herufi zetu, na chini yake Kichina. Mchoraji akataka maana, maana kwao bango lisilo na maana huleta mkosi. Mimi Kichina changu kilikuwa cha namba, rangi na kukataa. Alfajiri sikuwa nayo. Dada akachukua kalamu akachora mstari, na juu ya mstari nusu ya jua.

Laoban akaitazama picha. Akainua mkono, kisha akaushusha, akauliza kwa macho: linatoka au linazama?

Dada akafikiri kidogo. Kisha, mwanamke mzima, mwenye kilemba chake kichwani, akawika kama jogoo. Laoban akacheka mpaka akashika ukuta. Mchoraji akaandika maneno yake mawili, mazuri, mekundu, na ubao ukaegemezwa chumbani kwa dada ukauke.

Ulikuwa bado unanata Mmeksiko aliporudi kutoka Shiling. Siku hiyo tulikuwa tumejaa, mzee kitandani mahali pake, Mkenya sakafuni. Mmeksiko alipoona jina akaweka mkono kifuani kabisa, nusura alie. Akauliza zile herufi za Kichina zinasema nini.

"Alfajiri," nikamwambia. "Kupambazuka."

"Kwa nini alfajiri?"

"Ndiyo maana ya pambazo."

Akacheka, lakini kwa heshima, kama mtu aliyesikia mtoto wake anatajwa kwa jina lisilo lake. Akaanza kueleza, nami nikawa natafsiri sentensi kwa sentensi, kama mpagazi anayeshusha mizigo bila kujua imebeba nini.

"Anasema ni maneno mawili yaliyogandana. La kwanza ni pan. Mkate."

"Haya," akasema mzee.

"La pili ni basso. Zamani walilitamka hivyo." Mmeksiko akashusha kiganja hewani, hadi usawa wa goti.

"Mkate wa watoto?" dada akauliza.

Mmeksiko akatikisa kichwa. Akashusha kiganja hadi chini kabisa, akaipigapiga sakafu.

"Wa chini," nikasema. "Mkate wa chini."

Akaendelea, macho yanang'aa. Alisema Wahispania walipoitawala Mexico, unga mweupe uliochekechwa ulikuwa wa mabwana. Uliobaki, mzito, mweusi, ndio waliouziwa vibarua na watumwa, na kulikuwa na waokaji wao mbali, wasioruhusiwa kuuchanganya na mkate wa wakubwa. Ukaitwa mkate wa chini. Sasa, alisema, wale wa chini wakauchovya kwenye pilipili, wakaujaza walichonacho, na leo wakubwa wanapanga foleni barabarani kuununua wakati mkate wa mabwana hakuna anayeukumbuka jina. Kwake hiyo ilikuwa hadithi ya ushindi. Alimaliza akiwa amenyoosha mikono, anangoja tufurahi.

Nilitafsiri yote hadi mwisho. Lakini chumba kilikuwa kimeacha kusikiliza pale sakafuni, kiganja kilipogonga.

Mkenya ndiye aliyeanza. "Mzee, na bibi yako alikuwa Mhispania ama?"

Watu wakaangua kicheko. Mwingine akasema, "Kinachofagia ni fagio," na chumba kikaitikia kwa pamoja kama darasa. Dada hakucheka. Alikuwa anamtazama mzee, kwa sababu ahadi zote nane zilisimama juu ya ile ya mzee.

Mzee akafuta vidole kimoja kimoja. Alikuwa mtu wa heshima zake, mwenye duka Darajani, na nadhani hakuwahi kuchekwa na watu saba kwa pamoja. Akalitazama pambazo mkononi mwake, akaligeuza kama mtu anayetafuta mshono.

"Basi ndiyo hivyo," akasema. "Mkate wa chini, bei ya chini."

Tukacheka zaidi, mimi nikiwamo. Kilikuwa kichekesho kizuri, na kilimwokoa. Kesho yake nikagundua hakikuwa kichekesho.

Kazi yetu pale Guangzhou ilikuwa hiyo: kutafuta kasoro. Unaingia dukani, unashika nguo, hujataja bei, unavuta uzi mmoja. Uzi ukikatika umeshinda. Hata usipokatika unasikitika, unatikisa kichwa, unaonyesha kifungo kilichopinda. Muuzaji naye anajua, anakuita pengyou, yaani rafiki, na bei inaanza kuteremka ngazi. Sasa dada alikuwa ametupa kasoro bila kuombwa, na kasoro haikuwa kwenye viazi wala kwenye unga. Watu wazima waliingia mle chumbani, wakala mpaka wakalamba vidole, na wakati wa kulipa wakavuta uzi.

"Dada, huu si ule wa watumwa? Punguza."

"Pengyou, unga wa daraja la tatu huo, mwenyewe kasema."

"Unga ni uleule wa juzi," dada akawajibu. "Nenda kaonje kwa muuza unga."

"Juzi hatukujua."

Na ahadi nazo zikaanza kupungua. Mmoja akasema atalipia nusu mwezi. Mwingine akasema atalipia mwezi lakini kwa bei mpya. Yule wa Bangkok alifika, akasikia kisa, akacheka, akala, akaondoka.

Mmeksiko alipoelewa alichokifanya alifedheheka. Akaahidi mwezi mzima yeye pia, akanunua mapambazo kumi kwa mkupuo mmoja, akayagawa bure ngazini. Hiyo ikaharibu kabisa: sasa yakawa mkate wa chini unaogawiwa.

Siku mbili kabla ya mwezi kwisha mzee akapanda ngazi peke yake. Mimi nilikuwepo, nimekuja kulipa changu. Hakukaa kitandani, alisimama mlangoni na kofia yake.

"Mwanangu, sikuja kwa ubaya. Futa jina lile. Andika Nuru, andika Alfajiri, andika chochote. Nikiona limefutwa natoa mwezi mzima leo, na hawa wengine nitawasemesha. Watanisikiliza."

Hilo lilikuwa kweli. Wangemsikiliza. Ilikuwa bei nzuri, nami nikamtazama dada kwa jicho la chukua. Hata Kichina cha ubao kisingehitaji kuguswa.

Dada akafunga gesi kwanza. "Mzee wangu, tatizo la jina ni nini? Mkate unaupenda."

"Jina la aibu. Mtu hajiiti wa chini barabarani, mbele ya Wachina."

"Na juzi ulitoka Shiling na mikoba mingapi?"

Mikoba ya Shiling tuliijua sote, tulikuwa na shehena zake vyumbani: ngozi ya plastiki, na juu yake majina ya mabwana wa Ulaya yamegongwa kwa rangi ya dhahabu, yakiwa na kosa la herufi moja kwa ajili ya kujikinga.

"Hili jina nimepewa na mwenyewe, kanipa kwa mkono wake, na maana yake kaniambia," dada akasema. "Yale ya kwenye mikoba yenu mmepewa na nani?"

Lilikuwa jibu safi, na lilimgharimu mlango. Mzee akavaa kofia, akasema, "Haya, mwanangu," akashuka. Jioni ile jibu hilo lilikuwa limefika kila chumba cha Dengfeng, na kila aliyekuwa na mikoba aliona limemlenga yeye. Mpaka mwezi unakwisha ahadi zilizobaki zilikuwa mbili, yangu na ya Mmeksiko, na Mmeksiko alikuwa na ndege ya kesho yake.

Laoban hakukasirika. Alimpa mlango Mkongo aliyekuwa akiuza simu na kadi, mtu mchangamfu, mwenye kodi mkononi. Dada alipokwenda kuuchukua ubao wake, ambao ulipokauka ulishushwa mlangoni, laoban akatikisa kichwa: ubao ni wa mlango, mchoraji alilipwa na mlango. Mkongo akapaka rangi herufi zetu, akaacha za Kichina, kwa kuwa aliambiwa zina bahati. Jikoni gesi ikaondolewa siku hiyohiyo, kama walivyokubaliana.

Kwa kaka zake hakurudi. Akaanza kazi ya kuwatembeza wageni Guangyuan Xilu: anawapokea wafanyabiashara wapya kutoka nyumbani, anawapeleka maduka anayoyajua, anawasemea bei, anapata asilimia yake ndogo kwa muuzaji na nyingine kwa mnunuzi. Kichina chake kikapita changu haraka. Miguu ikamvimba. Sisi tukarudi kula tambi za supu, tukilalamika kwamba Dengfeng hakuna mtu anayejua kupika.

Neno tukabaki nalo. Sijui nani alianza. Nilisikia kwanza kwa vijana wa Kariakoo: shati lenye mshono mbovu, redio inayokwaruza, viatu vya gundi, wanasema, "Hii pambazo." Mafurushi ya daraja la tatu yakaandikwa P kwa kalamu nene. Wengine walilitumia bila kujua kwamba limewahi kuwa mkate. Mzee wa Unguja naye alilitumia, nilimsikia kwa masikio yangu akimkatalia muuzaji mito, tena kwa ulimi wake ule wa Darajani: "Hili pambazo, mwanangu, silitaki." Kwa hiyo hukumu yake ilisimama. Lilikuwa Kiswahili.

Mara ya mwisho nilipomwona dada alikuwa ghorofa ya tatu ya jumba moja pale Guangyuan Xilu, na mama kijana kutoka Mwanza, mgeni kabisa, pasi ya kusafiria bado mkononi. Dada alikuwa amemtandazia magauni mezani. Mama akavuta uzi mmoja, kama alivyofundishwa nyumbani, akakunja uso.

"Dada, samahani, usinitolee pambazo. Nimetoka mbali."

Muuzaji akamtazama dada, anasubiri tafsiri. Dada akalikunja gauni lile, taratibu, mkono kwa mkono, akalirudisha kwenye rundo.

"Sawa, mama," akasema. "Basi twende ghorofa ya juu. Lakini huko ujue bei yake."

Wakapanda. Lifti haikuwa inafanya kazi, na dada alitangulia, mkono kwenye ukuta.